Nyumba aliyoipa alama tisini na moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, jua halijavuka bado vilele vya misonobari. Mwanamke mwenye ovaroli ya bluu amelala kifudifudi uani kwa watu, mkono wake wa kulia umezama hadi begani chini ya baraza ya mbao. Anapapasa. Mwenye nyumba, dereva wa malori aliyestaafu, amesimama pembeni na kikombe cha chai, na uso wa mtu anayemtazama fundi akimfungulia injini ambayo yeye anaamini ni nzima.

Mkono unatoka na konzi ya majani makavu. Unarudi, unatoka na konzi nyingine. Mara ya tatu unatoka na kipande cha gazeti, soksi ya mtoto na kiota cha panya.

"Hiki ndicho kiberiti chako, baba," mwanamke anasema bila kuinuka. "Umekilalia miaka yote."

Dereva anacheka kwa adabu. Ameishi hapa miaka ishirini na miwili, anaeleza, na hata kuni alizozipanga kwenye ukuta wa jikoni hazijawahi kumkosea adabu.

"Hazijakukosea kwa sababu hazijapata mgeni," mwanamke anamjibu, akisimama na kujikung'uta magoti. "Siku cheche ikizitembelea, zitasahau kama mnajuana."

Huyo ndiye Mama Ngazi. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho. Katika mitaa yote inayopakana na msitu anajulikana kwa ngazi ya aluminiamu yenye vipandio kumi na kimoja, ambayo huibeba begani tangu gari la ofisi linapomshusha barabarani hadi nyumba ya mwisho ya siku. Watoto wakiiona ngazi inakuja juu ya ua, wanawaambia wakubwa wao wafiche kuni.

Kazi yake ni ukaguzi wa hatari ya moto. Anaingia nyumba kwa nyumba na fomu ya maswali arobaini: paa ni la nini, madirisha yanafunga, miti imekaa hatua ngapi kutoka ukutani, maji yapo, gari la zimamoto linapita au litakwama kwenye kona. Mwisho wa maswali anatoa alama katika mia. Chini ya hamsini ni karatasi nyekundu, hamsini hadi sabini na tano ni ya njano, kuanzia hapo ni ya kijani. Karatasi hubandikwa nyuma ya mlango wa mbele.

Katika miaka saba amekagua nyumba zaidi ya elfu tatu, na anasema jambo gumu kuliko yote ni kumfanya mtu aogope kitu kidogo.

"Watu wanadhani moto wa msituni unakuja kama ukuta," anaeleza. "Wanaona picha kwenye simu, miali mirefu, wanasema ukifika hapa nitauona. Lakini nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta ule. Zinaunguzwa na cheche, ndogo kama ukucha. Upepo unazibeba kilomita nzima mbele ya moto. Cheche ina subira ya mwizi. Inazunguka nyumba, inajaribu kila tundu."

Wapo wanaomnukulia methali ya ufa na ukuta ili kumwonyesha kwamba somo limeeleweka. Yeye huwaambia moto haungoji ufa. Unatosheka na pa kupitisha kidole.

Kwa nyumba moja analipwa pesa isiyofika bei ya bati. Wenzake humaliza nyumba nane au tisa kwa siku. Mama Ngazi humaliza nne. Akiulizwa kwa nini anajipunja, husema hiyo ni habari ndefu, na kama mtu ana muda akae.

Alianzia kwenye paa. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka, na katika watoto wake watano ni huyu binti peke yake ambaye hakuogopa kimo. Alipofika miaka kumi na minne akapandishwa juu ya boriti za watu, mfukoni misumari, mkononi nyundo iliyokatwa mpini ili imfae. Aliezeka kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliolewa akiwa fundi, akazaa akiwa fundi, na mume wake, anayetengeneza redio, husema kwamba siku aliyokwenda kuposa ilibidi amsubiri mchumba ashuke.

Alipotimiza miaka arobaini na mitano, kazi za kuezeka zikapungua. Wakati huohuo ofisi ya misitu ya wilaya ikatangaza inatafuta watu wanaoyajua majengo, wafundishwe ukaguzi. Walichukuliwa kumi na wawili. Yeye alikuwa mwanamke pekee, na fundi paa pekee.

"Nilikuwa na kiburi, sitaficha," anasema. "Wenzangu walikuwa na vitabu, mimi nilikuwa na macho. Nilikuwa nasimama barabarani naliangalia paa, naujua ugonjwa wake, kama vile daktari anavyomjua mgonjwa kwa mwendo."

Siku hizo hakuwa na ngazi. Ofisi nzima ilikuwa na moja, na wakaguzi walipeana zamu.

Nyumba anayoisimulia ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke wa makamo, juu kabisa ya mtaa ambako barabara inaishia na msitu unaanza. Ilikuwa Ijumaa, nyumba ya tisa kwa siku hiyo. Uwanja umefagiwa hadi udongo unang'aa. Kuta za matofali. Bati jipya. Miti imepogolewa, mapipa mawili ya maji yamejaa, kuni ziko mbali kwenye banda lake. Tangu aanze kazi hakuwa ameona nyumba iliyotunzwa namna ile, na moyo wake ulimpenda mwenye nyumba kabla hata hawajazungumza.

Likabaki swali moja, la upenu. Alitakiwa kupanda na kuangalia pale ambapo paa linakutana na ukuta, kuona kama mianya imezibwa kwa wavu wa chuma. Nyumba ilikuwa ndefu kwa kimo. Ngazi ya ofisi ilikuwa kwa mwenzake, mtaa wa pili. Ngazi ya mwenye nyumba ilikuwa imevunjika vipandio viwili. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu mchana.

Akarudi nyuma hatua sita, akainua kichwa. Aliona mbao zilizopakwa rangi nyeupe, zimenyooka kama mstari wa daftari. Akatia alama ya vema.

Jumla ilikuwa tisini na moja. Hakuna nyumba nyingine mtaani iliyofika themanini. Fundi cherehani alifurahi kama mzazi aliyepelekewa ripoti nzuri ya shule. Aliifunika ile karatasi ya kijani kwa plastiki kabla ya kuibandika mlangoni, akamkaribisha mgeni chai.

Katika chumba cha nyuma alilala mume wa fundi cherehani, mpiga chapa wa zamani, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza kwa miaka mitatu. Mkaguzi alipita dirishani kwake na futi kamba.

"Nilisikia mtu anakohoa," anasema Mama Ngazi. Anaitazama mikono yake. "Nikaandika upana wa dirisha."

Fomu haikuwa na swali linalouliza nani anakaa ndani.

Miezi mitano baadaye, mwisho wa kiangazi, moto ulizuka ng'ambo ya mlima saa sita mchana. Saa nane upepo uligeuka. Gari lenye kipaza sauti lilipita likiwaambia watu wa mtaa wa juu waondoke. Mtoto wa kiume wa fundi cherehani, mchomeleaji anayeishi mtaa wa chini, akapanda mbio na mkokoteni wa kuazima ili ambebe baba yake.

Yaliyosemwa pale yanajulikana kwa sababu walioyasema wameyaeleza wenyewe. Mgonjwa alikuwa akiumia kila akisogezwa; mara ya mwisho alipopelekwa hospitali alirudi na vidonda mgongoni vilivyochukua miezi kupona. Njia ilikuwa na moshi, mteremko una mawe, mkokoteni hauna hata godoro la kutosha. Mama mtu akauangalia mlango. Akamwambia mwanawe kwamba nyumba ina alama tisini na moja, na kwamba watafunga madirisha na kungoja. Mchomeleaji alikuwa na watoto wadogo wanne kule chini. Akaondoka kuwapeleka mahali pa usalama, akiahidi kurudi.

Moto wenyewe haukuifikia nyumba ile. Ulipita chini yake, mita mia tatu hivi, ukaelekea bondeni. Majirani wanasema baada ya hapo walianza kupumua. Kisha mmoja akaona moshi unatoka chini ya bati.

Cheche zilikuwa zimeingia darini. Moto ulianzia juu, ndani, mahali ambapo pipa la maji halina msaada. Fundi cherehani alimshusha mume wake na godoro lake, akaliburuta kuelekea sebuleni mpaka nguvu zikamwisha. Majirani walivunja dirisha wakamvuta yeye, mikono imeungua hadi kwenye viwiko. Hawakuweza kurudi kumchukua mume. Mchomeleaji alifika paa likiwa limeshaanguka.

Siku nne baadaye ofisi ilituma wakaguzi kuchunguza nyumba kumi na moja zilizoungua. Mama Ngazi aliomba apewe ile ya juu. Safari hii alikwenda na ngazi. Aliiegemeza kwenye ukuta uliobaki umesimama, akapanda, akaangalia nyuma ya kipande cha ubao mweupe kilichosalia kwenye pembe.

Hapakuwa na wavu. Kulikuwa na mwanya wa vidole viwili uliokwenda urefu wote wa ukuta, na katika ile pembe ambayo haikuungua kulikuwa na nyasi kavu za viota vya ndege, zimeshindiliwa kama pamba kwenye mto.

"Kama ningepanda siku ile, ningeuona kwa sekunde kumi," anasema. "Nimehesabu. Nimepanda ngazi mara nyingi sana nikihesabu."

Mkuu wake wa wakati huo, mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu, alimshauri aandike chanzo kwamba ni cheche na upepo mkali. Mama Ngazi anamtetea hadi leo. Anasema hakushauriwa aseme uongo, alishauriwa aseme nusu ya ukweli, na mzee alifanya hivyo kwa kumhurumia. Mama Ngazi alikaa mezani na fomu ya uchunguzi tangu saa nne hadi ofisi inafungwa. Aliandika cheche, akaandika upepo mkali, kisha akaongeza sentensi mbili: "Mkaguzi hakupanda kuangalia upenu. Mkaguzi ni mimi."

Alisimamishwa kazi miezi mitano. Baadhi ya wenzake walimkasirikia, na hasira yao ilikuwa na sababu: habari zilipoenea, watu walichana karatasi milangoni, hata zile zilizoandikwa kwa haki, wakisema kama tisini na moja inaungua basi arobaini ina ubaya gani. Alirudi kuziba mapaa yanayovuja. Mume wake anakumbuka kwamba miezi ile mke wake alikuwa akila kama mtu anayetimiza amri. Redio zote za wateja zilizimwa nyumbani, kwa kuwa taarifa za hali ya hewa zilimtoa mezani.

Wiki ya saba baada ya maziko, alikwenda kwa yule fundi cherehani, sasa mjane.

Mjane alikuwa amehamia kwa mwanawe mchomeleaji. Alimkuta amekaa uani, mikono yote miwili imefungwa bandeji, mkwe wake anamlisha uji. Mama Ngazi hakukaa alipokaribishwa.

"Mama, ile karatasi niliiandika mimi," alimwambia. "Sikupanda kuangalia juu. Tundu lilikuwepo, mimi sikupanda."

Mchomeleaji aliinuka, akatoka nje ya ua, akaufunga mlango wa geti taratibu nyuma yake. Baadaye alieleza kwamba alitoka ili asije akafanya jambo la kujutia.

Mjane alikiepuka kijiko cha uji. Kisha akauliza, "Ulikuwa umechoka?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Na mimi nilikuwa nimechoka. Miaka mitatu ya kumgeuza, kumwosha, kumgeuza. Mwanangu alipokuja na mkokoteni, niliiangalia karatasi yako, nikashukuru." Akamwashiria mkwe wake aendelee na uji. "Umeshaniambia. Sasa nenda."

Mama Ngazi anasema alitembea hadi kwake kwa miguu, mwendo wa saa mbili, na hakumbuki alipita njia gani.

Ilipita miezi mitatu. Siku moja mchomeleaji alisimama mlangoni kwake, akakataa kuingia. Alikuwa na ujumbe kutoka kwa mama yake: Mama Ngazi aende kuikagua nyumba wanayokaa sasa. Na mama amesisitiza, apande.

Alikwenda. Alipanda kila upande, akachukua saa tatu. Aliposhuka, mjane alimwita jikoni akamwambia maneno ambayo, kwa maelezo ya Mama Ngazi, yalikuwa mazito kuliko barua ya kusimamishwa kazi. Alimwambia kwamba siku ile ya alama tisini na moja, mgeni aliuliza mapipa, akauliza miti, akauliza bati limenunuliwa mwaka gani. Hakuuliza nani amelala ndani.

Jioni hiyohiyo alikaa na binti yake, ambaye ni karani, wakatengeneza ukurasa mmoja. Nani analala katika nyumba hii? Nani hawezi kutembea, kuona au kusikia? Nani hubaki peke yake mchana? Siku ya moto nani atakuja kumchukua, na je, huyo mtu mwenyewe anajua kwamba ndiye?

Aliporudishwa kazini aliupeleka ukurasa ule ofisini. Akajibiwa kwamba kitengo kinakagua majengo, watu wana idara yao. Akauchapisha kwa pesa yake. Kwa miaka miwili aliujaza nyumba kwa nyumba, akiwakabidhi wenyeviti wa mitaa nakala, na ndiyo maana nyumba zake zikawa nne kwa siku. Ngazi nayo aliinunua mwenyewe.

Wapo waliomwona mbea. Mwanamume mmoja alimfukuza alipoulizwa habari za kaka yake anayefichwa chumbani kwa ugonjwa wa akili. Mama Ngazi aliondoka, akarudi wiki iliyofuata, akafukuzwa tena, akarudi. Mara ya nne yule bwana alimfungulia mlango wa chumba.

Kiangazi cha mwaka jana moto ulirudi, mkubwa kuliko ule wa kwanza, ukashuka hadi mtaa wa bondeni wenye nyumba mia mbili sitini na nne. Kwenye orodha ya mwenyekiti kulikuwa na watu thelathini na saba wa kuchukuliwa kwanza. Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Mwenyekiti anasema alipokuwa amejiandaa kupiga kelele na kugawa kazi, alikuta watu wameshatawanyika, kila mtu anajua anakokwenda. Seremala mmoja kiziwi alikuwa karakanani kwake akipiga randa, mgongo ameupa mlango, hana habari. Jirani yake muuza mkaa aliingia, akamshika mkono, wakatoka. Yule kaka aliyekuwa akifichwa alitoka amebebwa mgongoni.

Nyumba kumi na tisa ziliungua. Hakuna aliyekufa.

Baada ya hapo ofisi iliuchukua ule ukurasa ikaufanya sehemu ya fomu. Mkuu wa sasa wa kitengo, mwanamke kijana kuliko Mama Ngazi, anakiri kwamba walichelewa. "Tulikuwa tunalijua kila bati," anasema, "hatujui nani yuko chini yake."

Mama Ngazi hapendi kusifiwa kwa habari ile, na hukatiza mazungumzo kwa kutaja jambo ambalo ripoti nyingi huliacha. Katika zile nyumba kumi na tisa, sita zilikuwa na karatasi ya kijani, na mbili kati ya hizo alizikagua yeye, kwa ngazi, bila kuruka swali. Upepo ulivunja vioo, cheche zikaingia. Ndiyo sababu chini ya kila karatasi, iwe ya rangi gani, huandika kwa mkono: Ukiambiwa uondoke, ondoka.

Mjane hujibu kwa ufupi anapoulizwa kuhusu mkaguzi wake. Bado anashona, ingawa vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, na kitambaa hukishika kwa kiganja.

"Watu wanataka niseme nimemsamehe, waende nyumbani wamefurahi," anasema, mguu ukiendelea na pedali. "Sijamsamehe, na sijamlaani. Alikuja kuniambia bila kutumwa na mtu. Watu wa hivyo nimewaona wachache."

Kwa dereva mstaafu, saa nne inakaribia. Mama Ngazi ameshazunguka upenu wote, dereva akimshikia ngazi, na amehesabu mianya saba. Sasa wameingia chumba cha nyuma, ambako anaishi mama mkwe wa dereva, bibi asiyeona. Dereva alikuwa ameanza kumjibia. Mama Ngazi amevuta kigoda akakaa karibu na kitanda, akamwamkia bibi, akamwambia maswali haya ni yake yeye.

Bibi anaeleza kwamba binti yake yuko sokoni kutwa. Mkwe yupo, lakini mara nyingine huenda gereji kupiga soga na madereva wenzake, na huko soga huwa ndefu. Dereva anajikuna kichwa.

"Siku ya moto nani atakuja kukuchukua, bibi?"

"Huyu hapa."

"Na kama yuko gereji?"

Dereva anamtaja jirani, mshona viatu. Mama Ngazi anasema jina halitoshi. Dereva anakwenda kwenye ukuta wa ua kumwita, mshona viatu anakuja na sindano yake mkononi, na pale mbele ya kitanda anaulizwa kama amekubali. Anakubali. Bibi anaomba amshike mkono ili auzoee, asije siku hiyo akadhani anaibwa. Wanacheka, na mshona viatu anashika mkono wa bibi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alama ni arobaini na tatu. Dereva anaitazama karatasi nyekundu kama mwanafunzi aliyeonewa. Anaelezwa ahamishe kuni hatua kumi na tano, asafishe chini ya baraza, azibe mianya saba kwa wavu. Akimaliza mkaguzi atarudi, na sabini haitakuwa mbali.

"Huwezi kuniongezea saba tu, dada yangu, nifike hamsini?" anauliza kwa sauti ya chini. "Jirani asinicheke."

"Niliwahi kutoa alama za bure, baba," Mama Ngazi anasema, akikunja futi kamba. "Zililipiwa na mtu mwingine."

Wakati ngazi inatoka getini, tayari dereva amekumbatia mzigo wa kwanza wa kuni.

Mama Ngazi ana miaka hamsini na miwili sasa, na goti la kushoto limeanza kumsumbua kwenye kipandio cha saba. Ameiomba ofisi impunguzie siku za mitaani ili afundishe mafundi paa, na kumi na wanne wameshajiandikisha. Anataka mianya izibwe siku nyumba inajengwa, kwa gharama ya wavu kidogo na misumari, badala ya yeye kuja kuitafuta miaka kumi baadaye. "Natamani nifike mahali nikose kazi," anasema.

Lakini kabla ya darasa hilo, kuna paa moja anataka kuliezeka mwenyewe. Mjane anajenga upya, vyumba viwili, palepale juu ya mtaa. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Mwezi uliopita alimwita Mama Ngazi, akamwambia hamhitaji kama mkaguzi, anamhitaji kama fundi. Mama Ngazi aliomba wiki moja, na alipokwisha kuihesabu akarudi kusema ndiyo. Ukaguzi atafanya mwenzake wa wilaya nyingine. Yeye hatatoa alama pale tena.

Jumatatu anaanza kupandisha boriti. Wiki iliyopita walikwenda pamoja, mjane na fundi wake, kuangalia kuta. Mjane alikuwa na mchoro kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Chumba cha kulala kina mlango wake wa kutokea nje moja kwa moja, mpana kiasi kwamba fundi mwashi aliuliza kama mama atalaza pikipiki humo. Mjane alimjibu kwamba hapo ndipo atakapopitishwa yeye siku akiwa hawezi kusimama, na kitanda chake.

Mama Ngazi alipima uwazi ule mara mbili.

"Tuongeze inchi sita," alimwambia. "Maana watakaokubeba watakuwa wawili, mama, na watakuwa na haraka."

Mjane aliiangalia nafasi kwa muda, akanyoosha mikono yote miwili pembeni kuipima, kisha akamwambia mwashi avunje matofali ya upande wa kulia.